Tanzia ya Sarafu ya Seneta

Jumatatu, 3 Novemba

Kahawa, tende, dawa ya presha, kisha khabari za Amerika simuni. Ndiyo taratibu yangu hapa Sidab, Maskati, tangu nistaafu udereva wa wizara. Leo yule seneta mwenye meno meupe kama vigae vya chooni kaamka kumtukana seneta mwenzake kwenye simu. Mwenzake kajibu kwa picha ya punda. Watu wazima hao, wana wajukuu. Bi Salma kasema nimeanza kucheka peke yangu kama mwehu. Nimemwambia ningesoma zaidi ya darasa la sita ningelia.

Shemeji yangu Nassor, mume wa dada yangu Raya, hacheki. Kafanya kazi benki umri wake wote. Kila Ijumaa tukenda kula kwake Qurum anatukhutubia sarafu ya huyo huyo seneta. Haishikiki, haiingii mfukoni, inakaa ndani ya simu na sura ya mwenyewe. "Huelewi, Khamis. Hii ndiyo pesa ya kesho." Mie nnataka ya leo.

Jumatano, 5 Novemba

Seneta kagombana na mshirika wake wa biashara. Hadharani, dunia nzima inasoma. Kumbe zile sarafu za kwake alikwishaziuza kimya kimya. Bei imeanguka mchana mmoja. Watu wa kule wanalia mbele ya kamera. Mmoja analia na fulana ina sura ya seneta anacheka. Nilicheka na mie. Kisha nkaona yule mtu ni rika la mwanangu, nkazima.

Nassor hajaandika neno kwenye kundi la ukoo. Si kawaida yake. Nimefurahi, kusema kweli.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimeandika tanzia. Kama zile zinazokuja kwenye kundi kila wiki, maneno yale yale, na mahali pa azza, pa kupeana pole. Kwa huzuni kubwa, khabari ya kufariki Sarafu bint Seneta, huko Amerika, baada ya kuugua mchana mmoja. Azza ya wanaume nyumbani kwa Nassor, Qurum, kesho baada ya alasiri. Wanawake nyumba hiyo hiyo, mlango wa nyuma.

Bi Salma kasema nifute. Sikufuta. Majibu yakamiminika: mikono ya dua, Allah amrehemu, mikono ya dua. Nkasema ukoo wangu wanajua mzaha. Nimelala nimeridhika.

Ijumaa, 7 Novemba

Hawakujua mzaha.

Watu wetu hawasomi tanzia. Zimekuwa nyingi. Wanaruka jina, wanatafuta chini: wapi, saa ngapi. Nami ndivyo nifanyavyo. Ilinipasa nijue.

Leo hatukwenda kula Qurum. Asubuhi Raya alisema Nassor hajisikii, simu hata haigusi, wala yeye hana nafasi ya kusoma kundi. Magharibi kanipigia tena, kanihadithia. Baada ya alasiri magari yalijaa njia nzima. Wanaume na vilemba vyao wanaingia, wanampa Nassor mkono, wanasema maneno ya azza, wanakaa kimya kungojea kahawa. Wanawake mlango wa nyuma na masufuria ya wali. Nani kafa, hakuna anayetaja. Nassor alidhani ni ndugu yake wa Mombasa, na kwamba wote wanajua ila yeye. Akakaa chini pale pale mlangoni.

Mpaka mmoja akatoa simu akasoma kuanzia juu. Wakacheka, tena sana. Nassor akalia.

Ndipo Raya akajua. Pesa waliyoweka ya kwenda Unguja, kukaa na dada yetu mkubwa anayeumwa, Nassor aliitia yote kwenye sarafu.

Mie nilidhani anaihubiri tu. Sikujua kaingia mwenyewe. Wala sikuuliza. Nna aibu.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimeomba radhi kwenye kundi. Nassor kajitoa kundini kabla hajaisoma. Simu hapokei. Nimewasha gari nikenda Qurum. Raya kafungua, kasimama kati ya mlango.

"Kaka, leo usiingie."

Nyumba ile sijawahi kubisha hodi mara mbili. Nimerudi kwa njia ya pwani, nimepita Maskati yote sikuona kitu.

Seneta kaandika kwamba wanaomlaumu wana husuda. Huyo hakuna aliyemfungia mlango.

Jumapili, 9 Novemba

Sikufungua Amerika. Nimekaa. Yule ana watu wengi na mie nna ukoo, lakini kidole gumba cha kuandikia ni kile kile.

Nilikuwa nnamlalamikia Bi Salma kwamba Nassor kazidi, mzaha ni mzaha. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Umewaita watu azza. Wewe mwenyewe hukwenda."

Akaendelea na mchele wake.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimevaa kanzu ya dishdasha iliyopigwa pasi, kilemba, bakora mkononi. Dele la kahawa, tende. Baada ya alasiri, kama nilivyoandika mwenyewe. Raya kanitazama juu mpaka chini. Akanipisha.

Nassor yuko sebuleni, televisheni imezimwa. Kazeeka tangu Ijumaa ya mwisho tuliyokula hapa. Nimempa mkono, nimesema maneno ya azza yote, sikubakisha, wala sikucheka. Alidhani nnamchezea tena. Nkakaa ukutani. Kwenye azza hatuulizi maiti aliumwa vipi wala nani alikosea dawa. Sikuuliza.

Nimemmiminia kahawa. Kanywa kikombe kimoja, akakitikisa. Maana yake basi. Nkaondoka.

Jumanne, 11 Novemba

Nimekwenda tena. Azza ni siku tatu. Vikombe viwili, kisha akatikisa. Mlangoni kasema, "Una wazimu, Khamis." Nimemwambia nnao.

Jumatano, 12 Novemba

Siku ya tatu. Bi Salma kaja na mie, yuko ndani na Raya. Wamempigia dada yetu Unguja, picha inakatikakatika. Raya kamwambia mwaka huu hawaji. Hakumwambia kwa nini. Nassor alisikia kutoka sebuleni. Aliangalia zulia.

Baadaye kaniuliza marehemu kazikwa wapi.

Nimemwambia, mfukoni mwa seneta.

Kacheka kidogo, pua tu. Kisha macho yakamjaa. Nkamsogezea tende.

Asubuhi niliona seneta katoa sarafu nyingine, jina jipya, meno yale yale. Sikumwambia.

Kanywa kikombe cha kwanza, cha pili, cha tatu. Nimengoja akitikise. Kakinyoosha kwangu. Nkammiminia.