Siku Tuliyowaaga Masista Mapema

Marereni,
Jumanne baada ya Pentekoste,
mwaka wa arobaini na moja tangu nishuke mlimani.

Mdogo wangu Agnes,

Marahaba. Shikamoo yako nimeipokea pamoja na picha ya chumba. Nimeitazama sana picha hiyo: bati jipya, dirisha linaloelekea bondeni, kitanda cha marehemu baba kilichopigwa vanishi kikang'aa kama cha mgeni. Goti lako linasemaje na baridi ya Lushoto? Na ile mifyulisi ya nyuma ya jiko, ilizaa, au nyani waliwahi tena kabla yenu?

Mimi ni mzima. Presha inapanda na kushuka, lakini kanisani nafika kwa miguu yangu na bila fimbo. Mvua zimekatika, injini za kuvuta maji ya bahari zimeanza kunguruma, na mabwawa ya chumvi yanajaa. Muda si mrefu utaona vilima vyeupe kuanzia barabarani hadi kwenye mikoko. Nimeishi kando ya vilima hivyo umri mzima, na bado asubuhi nyingine vinanistua.

Umeniuliza nakuja lini. Jibu ninalo, lakini niruhusu kwanza nikueleze lilikotoka. Nikilitanguliza, najua utaiweka barua chini.

Nilikuandikia kwamba masista wetu hapa wamebaki wawili, Sista Skolastika na mwenzake, na wote wawili wamezeeka. Kwa kuwa binti yako atakusomea kwa sauti na majirani watakuwepo, nikumbushe kidogo. Familia yetu ya kiroho ina masista, mapadre wachache, na sisi walei: wakwanguaji wa chumvi, wauza samaki, mafundi cherehani, na mtunza stoo mstaafu kama mimi. Hatuvai kanzu wala hatuishi pamoja. Kila mwaka tunarudia ahadi moja, kukaa karibu na yule ambaye watu wamechoka kukaa naye. Tuna kikundi hapa Marereni, kingine Ngomeni, na cha tatu Kibarani mjini Kilifi. Vyote vimezaliwa katika nyumba hii ndogo ya masista, ambayo sebule yake haitutoshi tukikutana sote.

Basi baada ya Pasaka ikaja habari kwamba Mama Mkuu wao anakuja kukaa nasi siku nzima. Tukaelewa mara moja kwamba anakuja kuwachukua. Nami, unakumbuka, nilikuahidi kwamba siku masista watakapofunga nyumba, nami nitafunga virago. Ndiyo maana ulibadilisha bati.

Unajua watu wa pwani na mambo ya kuaga. Mgeni hatoki hivi hivi. Wanawake wa Ngomeni walileta nguru wakubwa, Kibarani wakaleta turubai na viti, na Kadzo, mama wa Kigiriama anayekwangua chumvi tangu usichana wake, akashika mambo ya jikoni na ya zawadi. Alinunua leso mbili nzuri, akatunga na wimbo wa kwaheri wenye beti nyingi. Mimi nikatumwa kuazima sufuria za harusi kwa jirani yetu Bi Zuhura, Mswahili wa Mambrui aliyeolewa hapa.

"Mzee Yosefu," akaniuliza, "wenyewe wameshasema wanaondoka?"

"Bado. Lakini inajulikana."

"Haya, sufuria hizo chukua. Ila nyie mna pupa. Mtu hajatafuta viatu vyake, nyie mshamfungulia mlango."

Siku ikafika. Tuliimba wimbo wote, beti zote. Kadzo akapiga magoti, akamfunika Sista Skolastika leso mabegani, na wanawake wakaanza kulia. Sista alingoja wamalize. Kisha akaivua leso, akaikunja taratibu mara mbili, akamrudishia Kadzo mapajani.

"Kadzo, mwanangu, nani kakwambia naondoka leo?"

Kahindi, muuza samaki wa Ngomeni, akanong'ona nyuma yangu, "Na nguru je?"

"Nguru tutamla," Sista akasema, maana masikio yake hayajazeeka. "Lakini kwanza msikilizeni Mama. Hakuja kuagwa. Amekuja kuuliza."

Mama Mkuu alisema bila kuzunguka. Ni kweli masista wataondoka, mwaka utakapokwisha, kwa kuwa hakuna wadogo wa kuwapokea. Lakini nyumba si lazima iondoke nao. Kama sisi walei tunaweza kusema nani ataishika, nani atawalea wanaoingia, na nani atawalea walezi baada yetu, ataiacha mikononi mwetu. Kama hatuwezi, itarudi parokiani, na vikundi vitatu vitabaki kujitafutia pa kukutania. Akatuomba tufikirie siku ambayo hata mmoja wa waliokaa pale hatakuwa hai, tuanzie hapo, turudi nyuma hadi kesho asubuhi. Sijawahi kuombwa jambo kama hilo, Agnes. Kazini walituuliza juu ya msimu ujao, basi.

Sasa uelewe desturi yetu. Katika Familia hakuna anayejitokeza mwenyewe kuomba kazi, wala hakuna kura. Tunanyamaza kwanza, kimya kirefu, kisha kila mmoja anamtaja mwenzake na kueleza kitu alichokiona kwake kwa macho, si alichosikia. Anayetajwa hashukuru, hakatai, hajitetei. Anasema tu "Nimesikia," kisha anaenda kuomba, na jibu analileta Jumapili ya pili yake.

Tukanyamaza. Watu zaidi ya hamsini, na kitu pekee kilichosikika ni injini kule mabwawani. Mimi moyoni nilikuwa naamua nikuletee nini, leso au tende.

Kahindi ndiye aliyefungua. "Namtaja Kadzo. Anasema sana, hilo halihitaji sala kulijua." Watu wakacheka. "Lakini nimemwona na mwanamke mgeni kwenye chumvi, yule ambaye maji yalimchubua miguu siku ya kwanza. Kadzo alivua mabuti yake akampa, yeye akafunga mifuko ya nailoni miguuni mpaka jioni. Mwezi uliofuata nikamwona yule mgeni naye anampa mwingine. Huo ndio ulezi ninaoutaka. Unaendelea hata mwenyewe akienda zake."

"Nimesikia," Kadzo akasema. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akiishia neno moja.

Zamu ikafika kwake. Akajifunga leso yake vizuri, akanitazama.

"Namtaja Mzee Yosefu. Uenyekiti wa kikundi tumwondolee. Amechoka nao, na sisi tumechoka na mikutano yake mirefu." Hata Mama Mkuu alicheka. "Namtaja kwa jambo jingine. Mume wangu alipokuwa kitandani watu walikuja wengi. Waliomba, wakala, wakaenda. Mzee alikuja akakaa kwenye jamvi. Hakuhubiri. Jua likatua yupo. Kesho yake yupo. Mume wangu akizinduka anauliza, 'Yule Mtanzania yupo?' Nikimwambia yupo, analala tena. Masista wakienda, hapa panatakiwa mtu ambaye mgonjwa akimuulizia ataambiwa yupo. Nimemaliza."

Wakafuata wengine, watu ambao sikudhani wananikumbuka hata kidogo, na kila mmoja akanitaja kwa jambo hilohilo, kwa wakati wake na kitanda chake. Binti mmoja wa Kibarani alisema nilikaa na mama yake wodini Malindi. Mimi nilichokumbuka ni kwamba siku ile nilikosa gari la kurudi.

Agnes, wewe ndiye unayejua nilivyoishi huku. Sikujenga. Sikupanda hata mnazi, kwa sababu mnazi unataka mtu wa kuungoja. Begi langu liko chini ya kitanda hadi leo. Watoto wa hapa huniita tsawe, yaani babu, nami kila mara huitika nikijiambia kwamba ni heshima wanayompa mpita njia. Na watu hawa, katika miaka yote hiyo, hawakuona mpita njia. Walipoulizwa ni nani kati yao ana kipaji cha kubaki, wakanionyesha mimi.

Unaikumbuka siku baba alipotupeleka ukingoni mwa mlima? Tulisimama ndani ya ukungu tukidhani mbele yetu ni ukungu tu, na mara ukafunguka, nyika yote ikawa chini ya miguu yetu, haina mwisho, nawe ukanishika shati. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimekaa pale kwenye kiti cha plastiki. Nilitafuta mtu wa kunishika shati. Nikasema, "Nimesikia," na sauti haikuwa yangu.

Mchana ule, nguru wakikaangwa, tulipanga. Sijaona watu wakipanga vile. Kadzo atawalea wanaoingia, na kila anayelelewa naye atapewa mwingine amlee kabla hajajiona yuko tayari, maana hapo ndipo mtu hujifunza. Ngomeni waanze kikundi cha vijana wao wenyewe bila kungoja sisi. Kibarani wachukue mafundisho ya imani. Chakula na matengenezo ya nyumba tubebe wenyewe, kwa samaki, mahindi na mikono, ili siku msaada wa ng'ambo ukikatika mtu asione tofauti. Mwanamke ambaye mchana kutwa husimama ndani ya maji ya chumvi alikuwa akizungumzia wajukuu wa watu ambao bado hajakutana nao, na alizungumza kwa utulivu, kana kwamba anawaona wanaingia getini. Mimi nimesoma vitabu vingi juu ya Kanisa. Sikuwahi kuliona kwa karibu kiasi kile.

Kisha tukala karamu ya kwaheri ambayo haikumuaga mtu. Sista Skolastika alikula sahani mbili. Niliporudisha sufuria, Bi Zuhura alizikagua, akasema, "Basi mtakapowaaga kweli mtazijia tena. Nami nitakuuliza swali lilelile."

Jumapili ya Pentekoste nilitoa jibu. Nimeombwa kuhamia chumba kilicho karibu na geti mwaka utakapokwisha, ili mtu akigonga akute mtu. Nimekubali. Mwezi huu nimepanda mnazi mmoja kando ya ukuta. Kahindi amenicheka sana, ameniuliza kama nina hakika nitakunywa dafu lake. Nimemwambia si wangu.

Najua nakuumiza. Ulifagia chumba kile kwa ajili yangu, si kwa ajili ya mtu mwingine, na hakuna mnazi utakaolipa hilo. Usikifunge. Mwalimu kijana uliyesema anatembea kutoka bonde la pili, mpe kitanda cha baba. Akigonga, akukute.

Nisalimie binti yako anayesoma hapa, na asome sehemu hii taratibu. Nisalimie shemeji yetu mjane wa kaka, fundi aliyepiga vanishi, na mzee mpiga kengele wa kigangoni, kama bado anaizidisha ile ya mwisho. Wageni wa jamaa wakija kunitazama nitawapikia mwenyewe, na wewe goti likiruhusu uje uione chumvi inavyong'aa. Niombeeni, nami nawaombea kila jioni, nikianzia na jina lako.

Sitarudi nyumbani, Agnes.

Kaka yako,
Yosefu