Rangi ya Bluu Kwenye Mtumbwi wa Hyasinti

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Tumsifu Mmari
Umri: Miaka 36
Kazi: Mtafiti wa maabara
Makazi: Mbinga mjini
Mahali: Kituo cha Polisi, Mbamba Bay
Tarehe: 21 Agosti 2024, saa nne asubuhi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Ninatafiti rangi za boti zinazobanduka na kuingia ziwani. Ninatumia mashine ya Raman. Inamulika chembe ya rangi kwa leza, kisha inasoma mwanga unaorudi, na kwa mwanga huo tunajua rangi imetengenezwa kwa kitu gani.

Mnamo mwezi Juni nilifika Mbamba Bay kuomba chembe za rangi. Wenye boti wengi walinikatalia wakidhani mimi ni mtu wa kodi. Aliyenisaidia ni Stephano Ndunguru, mwenye boti ya abiria. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akachukua kisu na kunikwangulia rangi mwenyewe. Kisha akanipeleka kwa wenzake. "Mpeni dada huyu," aliwaambia, "hataki samaki wetu wale sumu." Mchana huo nilikula kwake.

Mnamo tarehe 9 Agosti jioni, Hyasinti, mvuvi wa Lundo, hakurudi kutoka ziwani. Kesho yake mtumbwi wake ulikutwa umepasuka ubavuni, na baadaye mwili wake ukapatikana. Tarehe 14 Koplo Wilfred, anayeandika maelezo haya, aliniletea maabara, Mbinga, kipande cha mtumbwi huo. Mtumbwi haukuwahi kupakwa rangi, lakini palipopasuka palikuwa na rangi ya bluu. Aliniomba niilinganishe na sampuli zangu. Nilitamani kukataa. Lakini mtu alikuwa amekufa.

Nilipima. Juu kulikuwa na bluu, na chini yake njano ya zamani yenye madini ya risasi, ambayo siku hizi ni nadra kuiona. Katika boti zote nilizochukua sampuli, ni ya Stephano tu iliyo na tabaka hizo. Nilipima tena asubuhi iliyofuata, nikiomba niwe nimekosea. Majibu yalikuwa yale yale. Naomba nieleweke: mashine inasema rangi zinafanana. Haisemi waligonganaje, wala kosa lilikuwa la nani.

Jana mchana Stephano alikuja mwenyewe maabara. Hakuwa na hasira. Nilimpa kiti, akabaki amesimama.

"Dada, ni rangi yangu?"

"Ndiyo, baba."

Hapo ndipo akakaa. Alisema jioni ile ziwa lilikuwa limechafuka kwa upepo wa mwera, boti inaingiza maji, abiria wanalia. Walipogonga alidhani ni gogo.

"Halafu nikasikia mtu anaita," alisema. "Ningegeuza boti, tungezama wote. Sikugeuza."

Nilimwambia maneno hayo ayapeleke polisi. Akasema atakuja, ila kwanza azungumze na mke wake. Alipofika mlangoni aliniuliza kama Gaudiosa, mjane wa Hyasinti, ameshajua. Nikasema sijui. Akaniomba jambo moja tu: mama huyo asiambiwe kwamba mumewe aliita.

Nilitaka kumkubalia. Nilimsindikiza hadi nje bila kumwahidi kitu, akaondoka. Leo nilipokuwa njiani kuja hapa bado nilikuwa sijaamua. Nimelisema kwa sababu nimeulizwa yote ninayoyajua, na hilo ninalijua. Natambua Gaudiosa atalisikia mahakamani mbele ya watu. Naomba, kama inawezekana, aambiwe mapema, nyumbani kwake, na mtu anayempenda.

Hayo ndiyo niliyoyapima na kuyasikia mimi mwenyewe. Sina la kuongeza.

Sahihi ya shahidi: T. Mmari

Maelezo ya ofisa: Nimeyaandika mimi, Koplo Wilfred, na kumsomea shahidi. Nilimuuliza kama kuna neno angependa kulifuta. Alisema hapana, akatia sahihi mbele yangu.