Wavu Tumboni mwa Mama Mkubwa

Mama mkubwa wangu, shikamoo.

Nakuandikia kuhusu tofali. Lile nusu tofali la kuchoma ulilotoka nalo kwetu Munisagara, Kilosa, ukaja nalo Mikumi, likakaa nyuma ya jiko la mgahawa wako. Nilikuwa na miaka tisa uliponichukua kwa mama ili nisome, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kulipasha. Kwa siku mbili tatu za kila mwezi ulinipa ishara kwa kidevu. Nililifukia kwenye majivu ya moto, nikalitoa kwa koleo, nikalifunga kipande cha khanga na kukuletea. Ulijifunga nalo tumboni, chini ya gauni, kisha ukarudi kusukuma chapati.

Madereva wa malori hawakujua kitu.

"Mama Chapati, leo umenuna," mmoja alikutania.

"Zimenuna chapati, mimi niko sawa. Kula uende, usije ukagonga tembo mbugani ukanisingizia nilikuchelewesha."

Wakacheka wote. Ulikuwa umeshika ukingo wa meza, vidole vimekakamaa. Nilikuuliza mara moja tu kama inauma. Ulisema, "Joto likitosha, hainishindi."

Habari zako za Kilosa nilizisikia kwa wengine. Mumeo, aliyekuwa mtu wa reli, alikurudisha nyumbani baada ya miaka sita bila mtoto. Ulipokuwa unaoga na wanawake wa Munisagara, waliona tumbo lako: mistari ya kahawia iliyopishana na kukutana kama wavu. Wakasema huo ni wavu kweli, umetupiwa ili kizazi kifungwe. Kwetu ukoo unafuata upande wa mama, na bibi alizaa mabinti wawili tu, wewe na mama yangu, kwa hiyo jambo halikuwa lako peke yako. Mjomba alikuletea dawa za waganga wawili. Ulizinywa. Wavu ukabaki, nawe ukabeba tofali lako ukaenda Mikumi.

Mimi nikawa mwandishi wa habari. Nimeandika kuhusu migogoro ya ardhi ya Rudewa, wakulima upande huu na wafugaji upande ule, na kila jina nililihakiki mara mbili kabla ya kulituma. Habari yako sikuihakiki hata mara moja.

Mwezi uliopita nilikuwa mbele ya daktari wa magonjwa ya wanawake, Morogoro. Nina miaka thelathini na saba, nimeolewa kwa miaka minne, sina mtoto, na maumivu yangu ya hedhi unayajua kuliko mtu yeyote. Daktari, mwanamke mdogo kwangu, alikuwa anajaza fomu.

"Kuna ndugu wa kike aliyewahi kuumwa hivi? Au aliyekosa mtoto?"

"Hapana," nikasema.

Sikudanganya. Kichwani mwangu wewe hukuwahi kuumwa. Wewe ulifungwa.

Nikapanda kitandani, nikapandisha blauzi. Akainama, akatazama tumbo langu.

"Dada, unajikanda na nini?"

Mistari ile niliiona kwenye tumbo langu miaka mitatu iliyopita. Sikumwonyesha mtu, na nyumbani taa nilizima mimi. Mwandishi mzima, nikaogopa wavu.

"Chupa ya maji ya moto," nikajibu.

"Ya moto mno. Ngozi ikipata joto hilo kila mwezi, mahali palepale, huweka alama hizi. Hazina ubaya mkubwa, ila zinaniambia umeumwa muda mrefu."

Kisha nikamwambia, "Mama mkubwa wangu alikuwa nazo."

Alirudi mezani, akalikata lile "hapana" kwa mstari mmoja, akaandika: mama mkubwa, ndiyo. Ilikuwa imepita miaka kumi na moja tangu ufariki, na hapo ndipo ulipoingia kwa mara ya kwanza kwenye karatasi ya hospitali.

Alisema hawezi kumpima marehemu, lakini mimi nina endometriosisi, na ugonjwa huu hutembea kwenye familia. Tishu zinazofanana na ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi huota nje yake na huvimba na kuvuja damu kila hedhi. Kwangu zimefanya uvimbe wenye damu ya zamani kwenye ovari ya kushoto. Kwenye ultrasaundi ulionekana kama wingu la kijivu. Pembeni yake kulikuwa na vitone vyeusi viwili, na kwenye ovari ya kulia vitano. Vifuko vya mayai. Alisema hivyo si vyote nilivyonavyo, ila ni dalili ya akiba iliyobaki, na kipimo cha damu kilikubaliana navyo: akiba yangu ni ndogo kwa umri wangu. Uvimbe wenyewe unaipunguza. Kuukata nako kunaweza kuondoka na mayai yaliyo jirani.

Nikamuuliza kama ninaweza kutengeneza mengine.

"Hakuna anayetengeneza," akasema. "Ulizaliwa nayo yote. Yalifanyika ukiwa tumboni mwa mama yako."

Nimesikia mengi katika kazi yangu na huwa siachi kuandika. Pale kalamu ilisimama. Mama naye aliyapata yake akiwa tumboni mwa bibi. Kwa hiyo chembe iliyokuja kuwa mimi ilikuwa Munisagara, ndani ya bibi, alipokuwa anapalilia mahindi kando ya reli na mtoto wake wa pili tumboni. Wewe ulikuwa mgongoni kwake. Tulikuwa shambani sote, mama mkubwa. Na vile vitone saba vilikuwepo tumboni mwa mama siku ulipombebea kuni, akiwa na mimba yangu, ili asiinue kizito. Ulikuwa unavitunza na hukujua.

Nilikwenda kumweleza mjomba.

"Marahaba," aliitikia. "Umekuja na mgeni tumboni?"

"Nimekuja na habari."

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hakufungwa?"

"Alikuwa anaumwa, mjomba."

"Zile dawa nilimletea mimi. Chungu sana. Na alizinywa zote."

Aliinuka, akaenda mlangoni, akainama. Tofali lako, alilorudi nalo kutoka Mikumi baada ya msiba wako, lilikuwa pale, linazuia mlango usijifunge. Akalifuta vumbi kwa kiganja, akanipa.

Nimeamua, na mume wangu amekubali. Kisu kitasubiri. Vidonge vya homoni vingenipunguzia maumivu, lakini vinazuia mimba, kwa hiyo navyo vitasubiri. Tutajaribu kwa miezi sita, chini ya macho ya daktari. Hakuniahidi kitu, nami sikumwomba aniahidi. Maumivu yatakuja kila mwezi nami nitayapokea, ila mimi nayajua kwa jina, na nikishindwa nina pa kwenda.

Jana yalikuja. Nililipasha tofali lako, nikalifunga khanga mbili nene badala ya moja, kama daktari alivyoelekeza. Halikuunguza, na joto lilitosha.

Pumzika, mama mkubwa. Wavu umekwisha.

Mtoto wa mdogo wako,
aliyekuwa anakupashia tofali