Cherop Anangoja Mluzi Wako

Kwako Chebet, mtoto wa dada yangu, uliye mbali huko Maragoli,

Naandika kwa Kiswahili ili mume wako naye asikie unaposoma, asije akadhani tunamsema kwa Kikipsigis. Unajua mimi nilisoma mpaka darasa la tatu tu pale misheni. Mwalimu mwenyewe alisema nikiendelea nitamaliza vitabu vyake, ndiyo nikamhurumia nikaacha. Ukikuta neno limepinda, linyooshe.

Huku tu wazima. Mama yako ni mzima, ila goti linamsumbua wakati wa baridi. Mvua inanyesha kila alasiri na majani ya chai yamejaa mpaka wachumaji wanatafutwa hadi Merigi. Mimi bado ndiye saisi mkubwa wa Bwana, mtunzaji wa farasi wake wote, na kutoka Kaplong mpaka Chepseon hakuna mtu wa farasi anayenifikia. Si mimi ninayesema hivyo, ni watu. Mimi huwa nawakumbusha tu wakisahau.

Lakini leo sikuandika kwa ajili ya sifa. Nimeandika kwa sababu ya Cherop, yule mtoto wa farasi uliyempangusa kwa shuka yako siku aliyozaliwa. Amekuwa mkubwa, na hakubali kupandwa. Bwana amesema Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, saa ya ng'ombe kurudi, atasimama mwenyewe kwenye ua aone nikimpanda. Nikishindwa, Cherop anapelekwa Molo kwa mzungu mmoja ambaye kazi yake ni kuvunja farasi wakaidi. Nimewaona waliotoka huko. Wanapandwa, ndiyo, hata na mtoto. Lakini ukiwaangalia machoni ni kama nyumba iliyohamwa.

Na mimi nilikuahidi. Kwa hiyo nisikilize, Chebet.

Unamkumbuka Dachesi, mama yake? Alipofika kutoka kwenye treni alikuwa bado mbichi, hajui tandiko wala mtu. Kila asubuhi niliingia malishoni na ndoo ya pumba, nikimwita kwa Kiingereza, maana niliamini farasi wa mzungu hawezi kusikia lugha nyingine. "Kamoni, Dachesi, kamoni." Anakuja taratibu kama mtu mwenye adabu, ananusa ndoo, ananyoosha shingo. Nikiinua kamba tu, ameshafika upande wa pili wa shamba. Umande umenilowesha mpaka kiunoni, na kutoka kiunoni kwenda juu ni jasho. Nawe umekaa juu ya ua unakula mahindi ya kuchoma, unaniangalia.

"Mjomba, huyo anajua unachotaka."

"Atajua nini? Ni mnyama."

"Anajua una haraka."

Nilikuambia uende kwa ndama wako uniache na kazi ya wanaume. Ukashuka, ukajipangusa mikono, ukapiga ule mluzi wa kuwaita ndama kwenda mtoni. Mama yako alikuwa anakukataza, ati msichana hapigi mluzi, lakini ukiwa kwa ndama nani angekuzuia? Ndama wakaja, wakajipanga. Nyuma ya ndama wa mwisho akaja Dachesi, kichwa chini, mpole kama mwanamke anayetoka kanisani. Ukamshika nywele za paji la uso, ukamleta mpaka nilipokuwa.

"Mjomba, shika ng'ombe wako."

Nilicheka siku hiyo mpaka mbavu zikauma, na watu nikawaambia ni mimi niliyegundua. Wewe hukunikana hata mara moja. Ulikuwa unaangalia pembeni tu, unatafuna mahindi yako.

Tangu hapo tulimfundisha kwa njia ya ng'ombe kila kitu. Kusimama tulimfundisha kwa ile "sss" ya mkamuaji. Kuguswa, kwa kumsugua na nyasi mbichi kama fahali mgeni anayekaribishwa zizini. Hata mursik nilimpa, yale maziwa yetu ya mgando yenye masizi, unakumbuka? Nilifikiri mgeni asiyepewa maziwa atatuonaje. Alionja kwenye kibuyu, akafikiri kidogo, akainua mdomo wa juu, akamtemea Memsahib wa Bwana maziwa yote kwenye shati jeupe pamoja na masizi yake. Nilimwambia Memsahib kwamba kwetu hiyo ni baraka. Nawe ulijificha nyuma ya pipa la maji, na pipa lilikuwa linatikisika.

Watu huona farasi anapita na mtu juu, anatembea vizuri, wanafikiri alizaliwa hivyo. Hawajui kwamba farasi mchanga anaogopa kila kitu ambacho Mungu alikiumba, na vile ambavyo Mungu hakuviumba anaviogopa zaidi. Dachesi alipita kando ya trekta bila hata kugeuka, halafu akaona wachumaji wamejifunga magunia kiunoni, na kikapu kimewekwa chini. Kikapu kitupu, Chebet. Alinirusha juu nikaona mabati ya hospitali ya Kaplong yakimetameta, na nilipokuwa bado huko juu nikapata nafasi ya kuvaa kofia sawasawa kabla ya kushuka. Wewe ulikuwepo, kwa hiyo mwambie mume wako kama nadanganya. Na leo amejifunza jambo, kesho amelisahau, ni kama unachota maji kwa kikapu hichohicho. Unafunga mkanda wa tandiko, yeye amejaza tumbo upepo. Ukishapanda anautoa upepo, tandiko linazunguka, na wewe unajikuta chini ya tumbo lake unaangalia kwato.

Ni wewe uliyesema, "Mjomba, mfunge kidogo, mwimbie kidogo, halafu umfunge tena." Mpaka leo ndivyo ninavyofanya.

Na ile siku ya maonyesho ya wazungu kwenye uwanja ule wa kando ya mto. Dachesi amesukwa mkia, Memsahib amevaa kofia nyeusi, mimi nimepakwa mafuta kuliko farasi. Wakaingia uwanjani, wakaruka ua wa kwanza, wakaruka wa pili, wazungu wanapiga makofi kwa vidole. Nikaanza kufikiria nitavaa nini siku ya kupewa zawadi. Ndipo ng'ambo ya mto nikasikia mluzi. Ulikuwa unawanywesha ndama.

Dachesi alisimama. Masikio yakageuka, kwanza moja, halafu la pili. Akazunguka, akaruka kamba ya uwanja, akapita katikati ya meza ya chai, akaingia mtoni na kutoka upande wa pili, na Memsahib amekaa juu yake, hajaanguka, kwa maana farasi nilimfundisha mimi. Nilipofika mbio, Dachesi alikuwa amesimama kwenye foleni nyuma ya ndama anangoja zamu yake ya kunywa maji. Wewe umeinama, mdomo umeuziba kwa shuka.

Bwana akaja amekuwa mwekundu kama udongo wa Chepseon.

"Saisi, nani nafundisha hii farasi kuwa ngombe?"

"Bwana, hii farasi najua njia ya maji. Farasi mjinga hapana jua."

Memsahib ndiye aliyetuokoa. Alifuta maji usoni, akasema, "Basi, kesho sisi nakamua yeye," akacheka mpaka Bwana naye ikabidi apunguze hasira. Mpaka leo hujaniambia kama ulisahau au ulifanya makusudi. Nilikuwa nangoja nizeeke kidogo ndipo nikuulize. Sasa hata wa kumwuliza sina karibu.

Halafu Cherop akazaliwa, mvua ikinyesha, ndiyo tukampa jina hilo, hata kama Bwana ameandika jingine kwenye mlango wa banda. Alikuja vibaya, mguu mmoja umekunjwa. Nilivuta mimi, na niseme ukweli, nguvu nilizotumia siku hiyo zingeng'oa mti. Lakini alipoanguka kwenye majani makavu hakupumua. Ukavua shuka ukamsugua kifua, huku unapiga mluzi ule wa ndama, polepole, karibu na sikio lake. Ule wako una kamkia mwishoni, unapanda kidogo juu kama mtu anayeuliza swali. Akapiga chafya. Sauti ya kwanza aliyoisikia duniani ni hiyo. Nani atanishangaza akiniambia kwamba hawezi kuisahau?

Alikuwa ndiyo kwanza ameachishwa kunyonya ulipoondoka. Watu walisema mengi, ati msichana wetu anaenda kwa Waragoli, atakula nini, atasema na nani. Mama yako alikaa jikoni hakutoka. Mimi niliwajibu kwamba msichana aliyemtuliza Dachesi hawezi kushindwa na Mragoli mmoja. Mkwe wangu, hapo usikasirike, cheka. Nilikutemea maziwa ya baraka kifuani kwa mdomo wangu mwenyewe, kama mjomba anavyotakiwa, na nikakubebea sanduku mpaka barabarani. Cherop alifuata ukingo wa ua mpaka ua ukaisha. Lori lilipokuja hukulia. Ulisema tu, "Mjomba, Cherop usimpige," nami nikasema, "Sitampiga." Hayo ndiyo yote tuliyosema.

Sijampiga. Bwana alinipa kiboko, nimekitundika kwenye msumari, buibui wamejenga. Lakini Chebet, huyu mtoto ananimaliza. Mama yake alikuwa mkorofi, yule nilimweza. Cherop si mkorofi. Hanirushi, haniumi. Tandiko anakubali, chuma cha mdomoni anakubali, tumbo hata hajazi. Nikipanda anasimama. Nikimgusa kwa visigino, anasimama. Nikimbembeleza, nikimwimbia, nikimtukana mpaka kwa mababu zake wa Ulaya, anasimama tu, masikio mbele, anaangalia barabara ile lori lilikopita. Jirani zangu wanapita wananiuliza, "Mzee, hiyo ni sanamu au farasi?" Mtu kama mimi.

Siku moja nikasema, mluzi tu ndio huu, mimi nilikuwa napiga kushinda ndege wote wa msitu wa Mau. Nikapiga, karibu na sikio lake kama wewe. Alishtuka, akainua kichwa kwa nguvu akitafuta umetokea wapi, na kichwa hicho kikanipata mdomoni. Meno ya chini ya mbele nilitolewa nikiwa mtoto, kwa desturi yetu. Sasa ya juu amenitoa Cherop. Nikipiga mluzi leo unatoka upepo tu, kama kibanda kisicho na mlango. Nimewaleta wachungaji wengine wapige. Anawasikiliza kwa heshima, halafu anarudia kuangalia barabara. Hawana kale kamkia.

Nimekuwa nikimkasirikia, nakubali. Lakini juzi jioni, mvua imekatika, ukungu unapanda kutoka kwenye chai, nilikuwa juu yake na nimechoka kumhimiza. Nikaacha kamba zikalala shingoni. Nikaangalia naye. Barabara ilikuwa tupu, ina madimbwi tu, na upande ule wa kwenu anga lilikuwa limefunguka kidogo. Tulikaa hivyo mpaka ng'ombe wote wakarudi. Nikaona kwamba muda wote huu nimekuwa nikimfundisha kutembea, na mimi mwenyewe tangu uondoke sijapita ukingo ule wa ua bila kusimama. Mama yako naye. Anasingizia goti, lakini kila lori likipunguza mwendo anatoka nje.

Siwezi kukuambia uje. Nimesikia una mtoto tumboni, na barabara ya huku wakati wa mvua si ya mwanamke mwenye mzigo. Mtoto huyo akiwa wa kiume mfundishe mluzi. Akiwa wa kike mfundishe kwanza, kabla watu hawajamkataza.

Ila Jumamosi hiyo nifanyie jambo moja. Wanasema huko kwenu kuna mawe makubwa kama nyumba. Saa ya ng'ombe kurudi, mume wako akushike mkono upande juu ya jiwe moja, ugeuke uelekee huku, upige ule wa ndama, pamoja na kamkia kake. Najua ni mbali. Lakini sauti yako ilivuka mto na meza ya chai ya wazungu, na Cherop ana masikio kuliko mama yake. Mimi nitakuwa nimeshapanda, Bwana amesimama kwenye ua, na lango la upande wa kwenu nitaliacha wazi.

Akitembea, nitamwambia Bwana nimemfundisha mimi. Wewe utaangalia pembeni, kama siku zote.

Ni mimi mjomba wako, asiye na meno lakini bado yuko juu ya farasi.