Dawa ya kikohozi ya mama mkwe

Mugoma, Jumanne

Kikohozi chenyewe kilishapona zamani. Niliendelea kumpa ile dawa kwa sababu ilimtuliza. Tangu mama mkwe akimbie Burundi na kufika kwetu hapa Mugoma, alikuwa analia kutwa. Nikimtilia kijiko kwenye uji wa mtama, ananyamaza. Kidogo hakidhuru, nilijiambia. Majirani waliponisifu kwamba namtunza, nilifurahi.

Leo nimempeleka zahanati kwa sababu ameanza kupepesuka. Nesi akamuuliza, "Bibi, huyu aliyekuleta ni nani?"

Mama akanitazama sana. Kisha akainama, akanipa salamu niliyomfundisha mwenyewe ya kuamkia wakubwa. "Shikamoo."

Mimi, mke wa mwanawe! Foleni nzima ilikuwa inatutazama, nami sikutaka wajue kwamba amenisahau. Nikaitikia.

Baadaye nikamweleza nesi yote. Hakunigombeza, heri angenigombeza. "Hiyo si dawa ya huzuni, dada. Kwa mzee, hata kidogo cha kila siku kinavuruga akili. Acha kumpa, huenda zikarudi."

Zikirudi, atalia tena. Na alie, nitakaa naye.

Ninachoogopa ni akikumbuka kwamba nilimwambia, "Marahaba."