Mota ya Bwawa na Ubatizo wa Mwaitu

Jumatatu, 4 Agosti

Saa kumi na mbili na nusu nimeshatoa majani kwenye bwawa la kuogelea la hoteli. Nimepima klorini. Nimewasha pampu. Ikanguruma tu, haikuzunguka. Halafu harufu ya kuungua. Nikazima mbio.

Nimebadilisha kapasita, kile kikopo kinachoisukuma mota ianze. Bado. Nikaifungua. Sili, ule mpira wa kuzuia maji, imechoka, maji yameingia kwenye mota, beringi zimeshika kutu, nyaya za ndani zimeungua. Upande wa maji ni mzima kabisa. Kile kigurudumu kinachosukuma maji hakina hata mkwaruzo. Kwa hivyo natafuta mota peke yake. Pampu nzima ingechukua wiki mbili kufika, na isingelingana na mabomba yetu.

Wiki mbili sina. Jumapili kanisa letu linabatiza watu kumi na mmoja hapa hotelini, kwa sababu mto tunaobatizia ni mchanga mtupu mpaka mvua ije. Wa kumi na mmoja ni Mwaitu, mama yangu, miaka sabini na sita. Ameimba kwaya tangu nikiwa mtoto na hajawahi kubatizwa. Anaogopa maji. Mto Athi ulimchukua dada yake walipokuwa wasichana. Mwaka huu amekubali, kwa sharti moja: akiwa ndani ya maji, avione vidole vyake vya miguu. Namjua mama yangu. Tukiahirisha, hatakubali tena.

Jumanne, 5 Agosti

Habari imeenea. Kila mtu sasa ni mtaalamu wa mota. Huku kwetu maji hutolewa chini sana kwenye visima, kwa hivyo watu wana imani moja: mota ikiwa kubwa ndiyo nzuri. Binamu yangu Mbithi amekuja kutoka Tawa na mota ya posho mill yake kwenye buti ya gari. Imebebwa na wanaume wawili. "Weka hii bana! Hiyo maji itaruka mpaka Nunguni kule mlimani!"

Nimecheka mpaka nikakaa chini. Inazunguka polepole mno, inataka stima ya nyaya tatu, na shafti yake haiwezi kuingia kwenye pampu yetu hata kwa maombi. Nimempa chai, akaondoka nayo. Hakukasirika. Nampenda sana Mbithi.

Nimeagiza mota Nairobi kwa simu. Maji yameanza kufifia. Sijapenda.

Jumatano, 6 Agosti

Mota imeshushwa na basi kwenye kituo cha Kiboko saa tano. Nguvu farasi moja, kama ilivyoandikwa kwenye kibati cha ile ya zamani. Shafti ina nyuzi za skrubu mwishoni, sawa. Matundu ya bolti, sawa. Nimetia sili mpya. Kuweka sili ya zamani kwenye mota mpya ni kujitafutia msiba.

Nikawasha. Sauti tamu! Nimecheza kidogo pale kwenye chumba cha pampu. Bosi amenikuta nikicheza. Basi.

Baada ya nusu saa ikajizima yenyewe. Nikaigusa, nikaacha ngozi ya kidole. Ikapoa, ikawaka, ikajizima tena. Mara nne. Jioni maji yana rangi ya supu ya sukuma wiki.

Mwaitu alipita akitoka mazoezi ya kwaya. Akasimama na fimbo yake, akaangalia. "Hapo siingii. Hapo hata chura atarudi kwao." Akaenda zake. Nimeingiwa na hofu ya kweli. Nimemfokea mpishi bila sababu, nitamwomba msamaha kesho.

Alhamisi, 7 Agosti

Mpishi amenisamehe. Amenipa chapati mbili.

Sasa aibu yangu, na niiandike yote. Kila Desemba, kabla watu wetu hawajarudi nyumbani kutoka Nairobi na Mombasa, tunapaka rangi kila kitu kisichotembea. Geti, mawe, vigogo vya miti. Desemba iliyopita nilibaki na rangi ya bluu, nikaipaka hata mota. Ilipendeza kweli! Nilipaka mpaka kibati chenye maelezo. Jumanne kabla ya kuagiza nilikwaruza kwa ukucha mahali pa nguvu farasi tu, nikaona moja, nikaridhika.

Leo nimekaa chini na mafuta ya taa na steelwool nikakisugua chote. Chini ya ile moja pameandikwa S.F. 1.65. Hiyo ndiyo nguvu ya akiba ambayo mota imeruhusiwa kutumia siku zote, na unazidisha: moja mara 1.65. Kwa hivyo kigurudumu cha pampu yetu kimezoea kula 1.65. Mpya yangu ina moja, na akiba yake ni 1.0, yaani hakuna. Nimempa punda mmoja mzigo wa punda mmoja na nusu na zaidi, halafu nashangaa amelala chini.

Miaka ishirini ya ufundi. Mganga hajigangi.

Nimepigia duka. Wana ya nguvu farasi moja na nusu, S.F. 1.1. Nimerudia hesabu mara tatu kwenye karatasi, moja na nusu mara 1.1: 1.65. Nimeuliza mizunguko, 2,850, sawa na ya zamani. Stima ya 240, nyaya mbili. Shafti ile ile. Nimewasomea kibati chote mpaka muuzaji akachoka nami. Wanatuma kesho, ile ndogo nitawarudishia.

Mbithi kapiga simu. "Si nilikuambia ni ndogo!" Kinachoniuma ni kwamba alikuwa sawa.

Ijumaa, 8 Agosti

Basi limepita Kiboko na mota yangu ndani. Kondakta alisahau. Imefika Makindu. Nimepiga kelele kwenye simu mpaka wageni wa hoteli wakageuka.

Nikiwa katika hali hiyo, mwethya wetu umeingia getini. Ni akina mama wa kanisa, ambao hukusanyika kuchimbiana matuta ya shamba kwa zamu. Sikuwaita. Wamekuja na fagio na brashi, wakasugua kuta za bwawa huku wakiimba. Hakuna hata mmoja anayejua kuogelea, kwa hivyo walishikana leso, wa mwisho akashika ngazi. Mimi nilikuwa wa tatu. Miaka mitatu nalitunza bwawa hili na siwezi kuelea hata dakika moja. Mwaitu hakutaka watoto wake wakaribie maji.

Saa kumi jioni mota imerudishwa na basi lingine. Saa kumi na mbili imefungwa. Nusu saa: vuguvugu. Saa nzima: vuguvugu. Nimelia kidogo, nikajipangusa, nikatia dawa ya maji.

Jumamosi, 9 Agosti

Mota inazunguka. Nimeosha chujio mara tatu. Asubuhi kijani. Mchana maziwa. Jioni naona ngazi ya pili.

Jumapili, 10 Agosti

Alfajiri niliona sakafu, kila kigae. Nimepima klorini, iko sawa.

Kumi wakaingia na kutoka. Mwaitu akabaki kwenye ngazi, maji yakifika magotini, kainamisha kichwa. Pasta akangoja. Kwaya ikamaliza wimbo, ikauanza upya. Mwaitu alikuwa anavihesabu vidole, nina hakika, midomo yake ilikuwa ikitembea. Kisha akampa Pasta mkono.

Akazama. Akaibuka akikohoa, na kabla hajapangusa macho alishadakia wimbo, tena kwa sauti ya juu kuliko wote. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Nina furaha. Sina neno lingine.

Jumatatu, 11 Agosti

Majani. Klorini. Pampu.

Saa tatu Mwaitu amekuja na kiti chake, akakiweka karibu kabisa na bwawa. Nimeendelea na kazi. Baadaye akaanza kunieleza kuhusu dada yake. Aliitwa Syombua. Alikuwa mcheshi, na kibuyu kikubwa cha maji alikuwa anabeba yeye ili Mwaitu, mdogo wake, asichoke. Nina miaka arobaini na nane, na sikuwa nimewahi kumsikia Mwaitu akilitaja jina hilo.

Anaongea polepole, na chumba cha pampu kiko nyuma yetu. Nimeenda nikaizima pampu, ili nimsikie vizuri.