Anuar Hajaoa, Amerudi Kwenye Kadi ya Baba Yake

Kwa Mwalimu Suleman,
Lusahunga,
S.L.P. 47,
Biharamulo, Kagera.

21 Septemba 2025

Mpendwa dada yangu Swabaha,

Assalamu alaikum, na shikamoo. Kabla ya lolote, goti linaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia limeanza kutabiri mvua vizuri kuliko redio. Nilicheka, halafu simu ilipokatika nikabaki na mawazo. Shemeji naye, kifua kimetulia? Bado anakataa dawa mpaka umsimamie kama mtoto wa chekechea? Mwambie mimi shemeji yake namsalimia na namwombea, lakini dawa anywe.

Sisi huku hatujambo. Mvua za vuli zimeanza kunyunyiza na kila mtu yuko shambani. Suleman bado anafundisha, sauti imepungua lakini ukali uko palepale. Zulfa yuko darasa la sita na amekuwa mrefu kunipita, jambo ambalo ananikumbusha kila asubuhi tukisimama mlangoni.

Sasa nije kwenye lililonifanya nikae chini niandike. Dada, Anuar hajaoa.

Najua kule Tanga mmeshapigiana simu na wewe umeshanunua kanga. Yote hayo yametokana na Zulfa, aliyechukua simu ya baba yake akaandika kwenye kundi la familia kwamba Mzee Pancras amekwenda kumposea Anuar mchumba huko Kaniha. Ni kweli alikwenda. Ila aliyeona ni posa alikuwa mzee huyo peke yake. Ngoja nikueleze tangu mwanzo, maana kwa simu ungecheka ukaniacha hewani.

Anuar alitimiza miaka kumi na minane mwezi wa tano. Unakumbuka alivyokuwa mdogo, ugonjwa wa selimundu ukimshika miguu analia usiku kucha na wewe unambeba mgongoni ukiimba. Basi huyo huyo alitangaza kuwa ni mtu mzima. Alihamisha godoro kwenye chumba cha nje, akaweka kufuli, akamwambia baba yake akitaka kuingia abishe hodi. Shule alikwisha kuaga baada ya kidato cha nne. Akaanza kuuza kahawa na vocha hapa njia panda, kwa madereva wa malori yanayokwenda na kutoka Rusumo. Nilipomwita kwa jina mbele ya wateja wake alinivuta pembeni akaniomba nimwite Bwana Anuar.

Wiki chache baadaye ikafika siku yake ya kliniki. Tukaenda naye Biharamulo, mimi na Suleman. Binti wa dirishani akaingiza namba ya kadi ya bima, akatazama, akaingiza tena. Akatuambia kwa upole kwamba Anuar hayumo tena kwenye kadi ya baba yake, kwa kuwa ni mtu mzima.

Suleman akamgeukia mwanawe, akamtazama kuanzia ndala hadi nywele, kisha akainama dirishani akamuuliza yule binti kama mashine inamfahamu vizuri mtu inayemzungumzia. Akasema huyu juzi kanuna kutwa nzima kwa sababu paja la kuku alipewa dada yake. Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Anuar alitazama dari. Katika wilaya nzima ni ile kompyuta tu iliyokubali kuwa yeye ni mkubwa, na imekubali siku ambayo haikutufaa.

Baadaye ndipo tulipojua kwamba ujumbe ulikuwa umetumwa kwenye simu ya Suleman mapema kabisa, kumtaarifu kuwa mtoto anafikisha umri. Yeye akadhani ni wale matapeli wa ile hela itume kwenye namba hii, akaufuta, na jioni akatusimulia kwa majivuno jinsi alivyowakwepa.

Siku ile dawa tulinunua kwa fedha za mfukoni, tukarudi nyumbani. Unazijua dawa zake dada, ni za kila siku, na kuna vipimo, na mara nyingine damu. Mshahara wa mwalimu unaufahamu. Sikulala vizuri wiki ile.

Hapo ndipo Mzee Pancras alipoingia. Huyu ni jirani yetu, alikuwa karani wa chama cha ushirika, na tangu astaafu hana kazi nyingine ila mambo ya nyumba yetu. Alisikia habari ya kadi, akaenda kuwaza, akarudi na jibu. Akasema kadi ya mfanyakazi wa serikali humbeba pia mwenza wake. Kwa hiyo Anuar anachohitaji ni mke mwenye ajira. Suleman alidhani ni mzaha, akacheka, akamkaribisha chai. Mzee Pancras akachukua kile kicheko kuwa ni ruhusa.

Kesho yake alivaa koti lake la kanisani, akapanda bodaboda mpaka Kaniha, kwa muuguzi mmoja aitwaye Leonsia ambaye aliwahi kumfunga kidonda. Alimkuta zahanati, katikati ya kina mama wajawazito. Akakaa kwenye benchi nao mpaka zamu yake. Alipoingia akaanza kwa mbali, kwamba wamepita njiani wakaona ua zuri kwenye bustani hii. Leonsia akadhani mzee amechanganyikiwa kwa jua, akamfunga mkono akampima presha. Mzee akaendelea kueleza huku mkono umefungwa. Leonsia akamuuliza bwana harusi ana umri gani. Alipoambiwa, akampima presha mara ya pili.

Kisha akamwambia kwamba yeye ana mume Kahama na watoto wawili. Mtu mwingine angeaga. Mzee Pancras akauliza kama huyo mume kadi anaitumia.

Leonsia hakukasirika. Alimpa dawa za presha, maana kweli ilikuwa juu, akamtuma atuambie twende tukaulize kwenye ofisi ya bima badala ya kuulizia kwenye ndoa za watu. Anuar aliposikia alijifungia chumba cha nje, na nadhani siku hiyo ndiyo kufuli lilipata kazi ya maana. Zulfa akachukua simu, na mengine mnayajua ninyi.

Suleman akaenda ofisini. Alirudi ameelewa, na akatueleza kama anavyoeleza darasani, akiwa amesimama. Mtoto akivuka umri ule hubaki kwenye kadi ya mzazi ikiwa bado anasoma, kwa miaka kadhaa, na kila mwaka barua ya chuo inapelekwa kuthibitisha. Kama hasomi, basi ajiunge kwa njia yake mwenyewe. Ni jambo jepesi, dada. Tungeuliza mapema, Mzee Pancras angepumzika.

Lakini Anuar akakataa. Akasema hatakwenda kukaa darasani kwa ajili ya kadi, yeye ana biashara, atajitegemea. Baba yake akapandisha sauti, naye akapandisha yake, na mimi nikapandisha sufuria jikoni ili nisisikie. Hatukuelewana. Akawa anatoka alfajiri na chupa zake za chai na kurudi jioni, anasema hajambo. Nikamuuliza dawa, anasema zipo. Nikachungulia, kweli zipo. Nikashukuru Mungu.

Dada, nilishukuru mapema. Zilikuwepo kwa sababu hazinywewi.

Mwisho wa mwezi wa sita, mchana, maumivu yakamshika pale njia panda. Akaketi chini kando ya chupa zake, ameshika magoti. Watu walidhani amechoka. Aliyemwona vizuri ni dereva mmoja Mrundi, Bukuru, mtu mnene asiye na maneno, ambaye kila akipita hunywa kwake vikombe vitatu. Alimbeba kama mtoto akamweka ndani ya kichwa cha lori. Mzigo wake ulikuwa unakwenda Rusumo, yeye akakata kona kuelekea Biharamulo na lile semi lote limejaa saruji.

Mimi nilipigiwa simu nikafuata kwa pikipiki. Nilipofika hospitali sikuweza kuingia, maana lori lilikuwa limeziba lango, kichwa ndani, mkia barabarani, na haliwezi kwenda mbele wala kurudi. Mlinzi alikuwa anamuuliza Bukuru yeye ni nani kwa mgonjwa.

Bukuru akamjibu, "Ni mteja wake wa kahawa."

Na hakuondoa gari mpaka daktari alipotoka kumwambia kwamba kijana ametundikiwa maji na maumivu yanashuka. Ndipo akaanza kurudi nyuma, na ilichukua muda mrefu, na nusu ya mji wakimwelekeza kila mmoja upande wake.

Jioni Anuar alipoweza kuzungumza nilimuuliza kuhusu dawa. Aligeukia ukutani. Akasema alikuwa anakunywa leo, kesho anaruka, ili zikae muda mrefu. Akasema, "Mama, nimekuwa mkubwa. Sikutaka muendelee kuninunulia."

Nilitoka nje nikasimama penye kamba za nguo za wagonjwa, nikalia huko, nikajifuta na shuka la mtu nisiyemjua. Niliporudi nilimkuta Suleman ameketi kwenye ukingo wa kitanda. Nilijua atagomba. Hakugomba.

Akamwambia, "Nina miaka hamsini na mbili. Mwezi uliopita nilikwenda semina, nikakalishwa kwenye dawati la darasa la pili kutwa nzima, magoti yamefika masikioni, nafundishwa namna ya kuandika ubaoni. Sikufa. Na wewe kukaa darasani hakutakuua." Kilichobaki hakukisema, na sote tulikisikia.

Anuar akauliza kuna kozi gani.

Hapo palikuwa na mtihani mwingine, kwa sababu mwaka ulikuwa katikati na nafasi za ufundi magari zimejaa kila mahali. Tulichokipata ni chuo cha masista, ng'ambo huko Ngara, karibu na Keza, na iliyobaki ilikuwa nafasi moja ya ushonaji. Mkuu wake, Sista Eustakia, alimtazama Anuar, akatazama ushungi wangu na kanzu ya Suleman, akasema cherehani haiulizi dini. Alitaka tu kujua anapoumwa anahitaji nini. Akamwekea cherehani karibu na dirisha, na akawaamuru wote wawe na chupa ya maji mezani ili asijione peke yake.

Basi mwanao ni mwanamume peke yake katika darasa la wasichana. Mwezi wake wa kwanza chuoni alishona sketi ya shule. Alituletea nyumbani imefungwa kwenye gazeti kama kitu cha magendo, na Zulfa aliivaa ikamkaa, lakini tangu hapo hakuna anayeruhusiwa kuitaja mbele ya wateja. Halafu akagundua kwamba malori nayo yanavaa. Akamshonea Bukuru kava za viti, nyekundu, zenye nyuzi za njano, na jina la mama yake Bukuru mgongoni. Sasa madereva wanaacha vipimo vyao pale njia panda, naye huvishona siku za likizo. Kuhusu sketi bado hataki kuzungumza.

Barua ya chuo Suleman aliipeleka ofisini mwenyewe, na akasubiri mpaka akaonyeshwa kwenye kioo cha kompyuta kwamba imepokelewa. Anuar alikuwa naye. Aliposoma kwamba ameandikwa mtegemezi, alimuuliza yule dada wa ofisini kama hakuna neno jingine. Dada akasema hakuna. Anuar akauliza tena, kwa adabu, kama halitapatikana siku za karibuni. Hata hivyo ameshauliza jinsi ya kujiunga mwenyewe akimaliza chuo, na ameandika yote kwenye simu yake. Safari hii ujumbe ukija unaingia kwake, si kwa baba yake.

Jumatano iliyopita tulikwenda kliniki, mimi na yeye. Kadi ikasoma mara moja. Nikainuka kama kawaida yangu kuingia naye kwa daktari, maana tangu anyonye sijawahi kukosa chumba kile. Akaniwekea mkono begani akasema, "Mama, kaa. Nitaingia mwenyewe."

Nikakaa. Nilikaa kwenye benchi lile, dada, mikono sijui niiweke wapi. Nilimsikia kwa ndani akitaja dawa zake zote na nyakati zake, bila kukosea. Mama mmoja pembeni yangu akaniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia hapana, nina kijana mkubwa.

Baada ya kitambo mlango ukafunguka kidogo, kichwa cha Anuar kikatokeza. Akaniuliza kwa sauti ya chini, watu wasisikie, mara ya kwanza kuongezewa damu alikuwa na umri gani. Nikamjibu, miezi kumi na moja, na aliyetoa damu ni shangazi yako Rukia, Mungu amrehemu. Akaitikia kwa kichwa, akarudi ndani, akafunga mlango.

Nisalimie shemeji na watoto wote. Mwambie Mwanaidi kwamba vipimo vya gauni lake nimevipata, na Anuar amekubali kulishona, kwa sharti kwamba picha isiingie kwenye kundi la familia. Suleman anakupa shikamoo, na Mzee Pancras, ambaye hujawahi kumwona, anakusalimu kwa sababu amenikuta naandika.

Mungu akulainishie goti, akuzidishie afya, na atujaalie tuonane tukiwa bado tunaweza kucheka bila kukohoa.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Mwanamvua